Dirisha la Sampuli

Miaka kumi na tisa nakaa nyuma ya dirisha hili,
Mikindani, mkabala na duka la saruji,
nikipokea kile ambacho watu hawakitaji.
Huja asubuhi, jua halijapanda,
wamekifunga gazeti, juu ya gazeti leso,
juu ya leso aibu.
Hukisukuma kwa kidole kimoja wakitazama pembeni,
na jina wanaloandika mara nyingi si lao.

Mimi siulizi jina. Nauliza: jana ulikula nini?

Maana tumbo halina siri, lina lahaja tu.
Kijani ni mchicha wa juzi, au haraka ya utumbo
uliopitisha chakula kama mgeni asiyepewa kiti.
Kikielea, king'ae mafuta,
na ndoo nzima ya maji isikishinde,
hapo naandika, na nilichoandika nakipigia mstari.

Mwanamvua alikuja mbio kutoka Chaani,
hana viatu, mtoto begani:
"Damu! Mwanangu anatoa damu!"
Nikamwomba mtoto anionyeshe ulimi.
Ulimi mwekundu, meno mekundu,
na mfukoni mwa kaptura kokwa tatu za mabuyu.
Tulicheka hadi mtoto akalia.
Ni rangi tu, mama, rangi ya dukani.
Lakini ukiiona tena na mabuyu hajala,
usikae kucheka. Njoo.

Yule mwingine hakukimbia.
Binti wa watu, uzazi wa kwanza,
kichanga cha wiki tano ndani ya leso mpya.
"Chake ni cheupe," akasema, karibu kwa fahari,
"kama chokaa. Si ni maziwa?"
Sikucheka.
Nyongo ndiye mpaka rangi wa mwili;
kikitoka cheupe, fundi hakufika kazini,
njia imezibwa mahali.
Nikamtafutia tuktuk mwenyewe, nauli nikatoa,
barua ya hospitali kuu mkononi mwake.
Mwisho wake sikuujua. Dirisha halirudishi habari.

Haya yote nayajua.
Basi sikiliza ujinga wa anayejua.

Mfunguo Tatu goti langu la kulia liligoma,
nikawa nameza vidonge vya duka la kona,
viwili asubuhi, viwili usiku, juu ya kahawa tupu.
Alfajiri moja nikageuka kutazama:
cheusi. Si cheusi cha zambarau,
zambarau hazikuwa msimu wake.
Cheusi cha lami, kinachonata,
na harufu ile naijua, ya damu iliyoungua.
Nikamwaga ndoo. Nikamwaga ya pili.
Nikamwambia mke wangu:
ngisi wako wa jana alikuwa na wino mwingi.
Rukiya akanitazama.
Jana alipika kunde.

Siku tisa nilitembea na uongo huo,
ngazi za kazini zikirefuka,
pumzi ikibaki chini kunisubiri.

Siku ya kumi nikaomba ruhusa ya ugonjwa wa shemeji.
Nikakifunga gazeti, nikaja jua halijapanda,
nikakichomeka katikati ya vikopo vya watu,
nikaandika: Shekue Dumila.
Kisha nikaketi benchi la wagonjwa,
nikasoma bango la kunawa mikono, herufi kwa herufi,
bango nililolibandika mwenyewe.

Ndani, sauti ya Kadzo, niliyemfunza darubini:
"Shekue Dumila!"
Kimya.
"Nani Shekue? Huyu asirudi nyumbani!"
Watu wakatazamana. Bwana mmoja akachungulia chini ya benchi,
kana kwamba jina limeanguka pale.

Kadzo akatokeza kichwa dirishani,
akaniona nimekaa upande usio wangu.
Hakuuliza jina.
"Jana," akasema polepole,
"ulikula nini, mwalimu?"